Chupa Zilizoanikwa

Haron Wahome alisema mbele ya watu wote kwamba kemikali yangu ina nguvu sawa na maji ya chumvi. Wala hakusema kwa kunong'ona. Tulikuwa ofisi kuu ya mjini, ghorofa ya juu kabisa, madirisha yanaangalia Government Road, na yeye amesimama na tai yake ya mistari kana kwamba anahubiri.

"Panya wote wamekufa," alisema. "Hata hawakuchelewa kufa. Hii kitu ya Miss Mabruka ni maji ya chumvi, tena chumvi yenyewe kidogo."

Watu wakacheka. Mimi niliyatazama meno yake na kuyaombea mabaya.

Mwaka ulikuwa 1973, na taasisi yetu ilikuwa ikitafuta dawa ya nagana, ule ugonjwa unaoletwa na mbung'o na kumaliza ng'ombe wa watu. Maabara ilikuwa Uthiru, nje ya mji. Sisi wanakemia tulitengeneza kemikali mpya, moja baada ya nyingine, tukaziyeyusha, tukazitia kwenye chupa na kuzipeleka stoo. Haron, mkuu wa majaribio, alizitoa stoo na kuwadunga panya weupe walioambukizwa ugonjwa. Panya akipona, kemikali inasonga mbele, mpaka siku moja ifike kwa ng'ombe. Panya akifa, kemikali nayo imekufa, na jina lako limekufa kidogo pamoja nayo.

Yangu niliiita Arubaini na Moja, kwa kuwa arubaini za kwanza hazikufaa kitu. Nilitoka Lamu nikiwa msichana wa shule, nikasoma kemia mahali ambapo wanaume walidhani nimepotea njia ya kwenda jikoni, na nilichokuwa nacho cha kuwaonyesha ni hiyo Arubaini na Moja. Kabla sijaipeleka stoo niliijaribu mwenyewe ndani ya tone la damu, nikachungulia kwenye hadubini. Vimelea vya nagana vilipiga mateke kidogo, vikatulia, vikafa. Niliona kwa macho yangu. Sasa mtu ananiambia maji ya chumvi!

Mkurugenzi wetu, Bwana Nthiwa, alikuwa mtu wa Machakos asiyependa kelele. Alingoja kicheko kiishe, akatoa hukumu yake kwa upole, na huo upole ndio ulioniudhi zaidi. Mwisho wa mwezi meza yangu ingepewa watu wa Haron. Mimi ningehamia kitengo cha majosho, nikapime maji wanayoogeshewa ng'ombe ili kupe watoke.

"Ni kazi ya heshima," alisema.

"Basi mpe Daktari Wahome," nilimjibu. "Anapenda heshima kuliko mimi."

Haron alinifuata ngazini. "Pole, dada," akasema.

"Usiniite dada. Hatukuzaliwa nyumba moja, na ningezaliwa huko ningehama."

"Basi pole, Madam. Kemikali imekataa, kwani mimi nifanye nini? Niifufue?"

Nilirudi chumbani kwangu Riruta na hasira iliyonizuia hata kula. Kichwani nilikuwa na jambo moja tu: Haron ameichezea chupa yangu. Ameimwaga, ametia maji, amefanya lolote lile. Yeye alikuwa na dawa yake, aliyoitengeneza mwenyewe kabla hajapewa ukuu, akaiita Kinangop kwa jina la kwao. Kinangop iliponya panya. Gazeti lilimpiga picha amemshika fahali pembe, na kanisani kwa mama yake waliiombea. Mwaka uliofuata ingepelekwa kwa ng'ombe. Mtu kama huyo angetaka mwanamke wa pwani aje na dawa ya pili? Nilikuwa na uhakika nitamshika.

Wanakemia hatukuwa na kazi Jumamosi. Watu wa majaribio ndio waliokuja, maana panya hawajui wikiendi. Kwa hiyo nilingoja Jumamosi, nikapanda basi asubuhi mpaka Uthiru, nikapita lango la nyuma bila kumwamkia mtu. Nilitaka kumkuta stoo akiwa na chupa yangu mkononi.

Sikufika stoo. Kwenye veranda ya upande wa mashariki, mahali jua linapopiga vizuri, palikuwa na meza ndefu zilizojaa masinia, na juu ya masinia zilipangwa chupa. Zilikuwa zetu zote, za kila mwanakemia, chupa nyeupe za kioo zimekaa juani kama pilipili zilizoanikwa. Wanjugu, mama mtu mzima aliyetunza stoo na kusaidia kudunga panya, alikuwa akizipangusa moja moja kwa kitambaa na kulegeza vifuniko.

"Mama Wanjugu, hizi zinafanya nini hapa nje?"

"Zinaota jua, Madam. Si ni Jumamosi?"

"Kila Jumamosi?"

"Jua likiwa. Hiyo friji inatoka jasho sana, karatasi ya jina inabanduka. Wakati wa mvua chupa mbili zilipoteza jina kabisa, Daktari akagombezwa huko mjini. Ndiyo akasema tuwe tunazitoa, tunapangusa, tunakausha. Na vifuniko tunalegeza kidogo zipumue."

Zipumue! Nilishika nguzo ya veranda.

Kile tunachoyeyushia kemikali hunywa unyevu wa hewani, kama chumvi ya mezani inavyolowa kule kwetu Lamu. Kemikali nyingi zikikaa na maji huvunjika taratibu. Nyingine hazihitaji hata maji. Mwanga peke yake unatosha kuzipasua. Ndiyo maana kitu kama hicho hukaa gizani, kwenye baridi, kifuniko kimekazwa, na unakifungua pale tu unapokitaka. Watu hawa walikuwa wakizitoa kwenye baridi, wakizipasha moto, wakizimulika, wakizifungua, halafu wakizirudisha kwenye baridi na jasho lake. Wiki baada ya wiki. Kwa mapenzi kabisa.

Nikaiona Arubaini na Moja kwenye sinia la tatu. Nilipoipeleka ilikuwa na rangi ya majani makavu. Sasa ilikuwa kama chai ya rangi.

Haron alitoka ndani na kikombe mkononi. "Madam! Leo umekuja kutubariki?"

"Nani alikwambia uanike kemikali?"

"Nani aniambie? Stoo ni yangu. Umeona ukungu hapa? Umeona jina limebanduka? Nenda uangalie stoo za wengine, zinanuka kama pango."

"Haron, umeziua."

"Nimezikausha. Mama yangu anaanika maua ya pareto tangu sijazaliwa, na hajawahi kurudishiwa hata gunia moja kwenye chama cha ushirika. Kitu ikishika unyevu inaharibika. Hiyo hata mtoto wa Kinangop anajua."

"Hii si pareto! Hata hiyo pareto, dawa ya wadudu iliyomo ndani inaliwa na jua, uliza wanaoikamua. Mama yako anauza maua. Wewe umeanika akili za watu!"

"Mama yangu muache," alisema, na hakuwa akitabasamu tena.

"Nakuacha wewe kwanza."

Nilitwaa chupa yangu kwenye sinia. Akasema nirudishe mali ya stoo. Nikamwambia anipokonye kama anaweza. Wanjugu alisimama katikati yetu na kile kitambaa chake, akituangalia kama mtu aliyekuta ng'ombe wawili wanapigana shambani na hajui aanzie wapi. Haron akageuka akaenda zake.

Sasa ushahidi. Kwenye droo ya meza yangu nilikuwa nimebakiza unga wa Arubaini na Moja, mkavu, haujayeyushwa, ndani ya kichupa nilichokifunga kwa kipande cha buibui langu kuukuu. Nilifanya hivyo kwa kuwa karatasi nyeusi ya taasisi iliisha na hakuna aliyejali kuagiza nyingine. Haron alipata kuiona siku moja akacheka mpaka akakaa. Kemikali imevaa buibui, alisema, sasa itafute mume. Basi, aliyevaa buibui ndiye aliyepona.

Bwana Nthiwa alikuja Uthiru siku ya Jumanne kama kawaida yake, nami nilimwita pamoja na Haron kwenye meza yangu. Nilitaka Haron aone kila hatua. Unachukua kibao cha kioo kilichopakwa unga mweupe, unadondosha kemikali karibu na ukingo wake wa chini, unakisimamisha ndani ya gudulia lenye maji ya dawa kidogo. Maji yale hupanda kwenye unga na kuvibeba vilivyomo katika tone, kila kimoja kwa mwendo wake. Halafu unakiweka kibao kwenye moshi wa iodini, na kila kilichosimama njiani kinatokea kuwa doa la kahawia. Kemikali safi huacha doa moja. Iliyooza huacha msururu.

Kushoto niliweka ya droo. Kulia niliweka ya stoo.

Kushoto likatokea doa moja, zuri, la duara. Kulia ukatokea uchafu mtupu, doa juu ya doa, na pale lilipopaswa kuwa doa langu palikuwa na kivuli tu.

"Hiyo ya kulia ndiyo aliyowadunga panya," nilimwambia Bwana Nthiwa. "Halafu akasema ni yangu. Yangu ni hii."

Haron aliinama akatazama kwa muda mrefu. Aliponyanyuka alikuwa amekasirika kweli. "Umeichafua mwenyewe. Chupa imekaa kwako tangu Jumamosi."

"Niliipima mbele ya Wanjugu Jumamosi ile ile, na madoa yalikuwa haya haya. Mwite."

"Nimwite wa nini? Doa ni doa. Mimi naamini panya. Leta hiyo ya droo niidunge, tuone kama doa lako zuri linaponya mtu."

"Dunga leo! Na panya wakifa nitakwenda majoshoni kwa miguu yangu na sitafungua mdomo."

"Huo mdomo ndio mimi ningependa kuona umefungwa."

"Inatosha," alisema Bwana Nthiwa. Aliamuru kuanika kukome, vifuniko vikazwe na unga wangu ujaribiwe upya. Panya wakipona, nabaki na meza yangu. Wakifa, maneno yangu mwenyewe yatatimizwa. Kisha akaomba chai, kana kwamba hajashika maisha ya mtu mkononi.

Sikumwamini Haron hata kidogo. Nilikaa kwenye kigoda ndani ya chumba cha panya akidunga, nikamwangalia vidole. Kila asubuhi nilikuwa pale kabla yake. Tulikuwa hatusalimiani. Wanjugu alitusalimia sote wawili kwa sauti kubwa, mmoja baada ya mwingine, kama anayetufundisha adabu, lakini hatukufundishika.

Mwanzoni panya walikula vizuri, nami nilianza kuyapanga maneno nitakayomwambia mjini mbele ya wale wale waliocheka. Nilikuwa na maneno matamu sana. Halafu manyoya yao yakaanza kusimama. Halafu wakaacha kula. Niliomba tone la damu, nikachungulia kwenye hadubini, na vimelea vilikuwa vikiogelea kwa raha zao.

Wakafa. Yule wa mwisho alijikunja kwenye kona ya kizimba huku mimi nikimtazama.

Yale niliyoyaona ndani ya tone la damu yalikuwa kweli, ila mwili wa panya si tone la damu. Mwili una ini na figo, unakula dawa, unaitupa. Arubaini na Moja, safi kabisa, iliyovaa buibui, haikufaa kitu. Haron alikuwa amesema kweli mjini bila kujua kwa nini ni kweli. Iliniuma kuliko kicheko chao chote. Nami nilimchukia zaidi siku ile kuliko siku nyingine yoyote, kwa sababu sikuwa tena na kosa la kumbandika.

Alisimama mlangoni akatazama kizimba, akanitazama mimi. Nilingoja aseme maji ya chumvi. Akaondoka tu, nikaona hiyo nayo ni dharau.

Kesho yake asubuhi nilikuwa napanga vitu vyangu kwenye boksi aliponijia. Aliingia bila kubisha hodi, akafunga mlango. Mkononi alikuwa na chupa mbili. Moja niliijua, kila mtu aliijua. Ndiyo ile aliyopigwa nayo picha. Chupa ya Kinangop.

"Pima hizi," alisema.

"Pima mwenyewe. Mikono unayo."

"Nikipima mimi nitaona kile nataka kuona."

Nikaacha kupanga. Haron alivuta kigoda akakaa, na kwa mara ya kwanza niliona kwamba kola ya shati lake ilikuwa imefifia na kuchanika ukingoni.

"Hii ya zamani inaponya," alisema. "Kila mara inaponya. Lakini inaisha. Nikatengeneza mpya wakati wa Pasaka. Panya wakafa. Nikatengeneza tena, ndiyo hii chupa ya pili, nikaidunga kabla haijaingia stoo. Wakafa. Nikasema ni panya wabaya. Nikasema Wanjugu hajui kudunga, nikamgombeza mama wa watu mpaka akalia."

"Tangu Pasaka unajua."

"Tangu Pasaka nilijua kuna kitu. Sikujua ni nini."

"Na bado ukasimama mjini ukanicheka."

"Ndiyo. Nilikucheka." Hakuomba radhi, nami nisingeipokea.

Nilichukua kibao. Kushoto nilidondosha Kinangop mpya, kulia ile ya zamani. Maji yakaanza kupanda. Nje Wanjugu alikuwa akifua vitambaa, na nilimsikia akiimba wimbo wa kanisani kwa Kikuyu. Nilikiweka kibao kwenye moshi wa iodini. Kushoto doa moja likajitokeza, karibu na juu. Kulia, kwa kimo kile kile, hapakuwa na kitu. Hata kivuli. Madoa yalikuwa chini yake, mengi, makubwa kwa madogo, mengine yamepandana.

Ndani ya chupa ya Kinangop, Kinangop haikuwemo.

Hii ndiyo saa niliyokuwa nimeiomba usiku na mchana. Niliingoja furaha ije. Nilimtazama yule mtu anayenichukia, uso umemshuka, nikatafuta ndani yangu hata kicheko kidogo, sikukipata.

"Ni jua," nilimwambia. "Chupa hii nayo uliianika pamoja na zetu, na uliyotengeneza imekwisha. Jua la mama yako limetengeneza kitu kingine, na hicho ndicho kinachoponya."

"Kipi katika hivi?"

"Sijui."

"Utajuaje?"

"Kukitenganisha kila kimoja. Kukipima kila kimoja. Imebaki kiasi gani?"

Aliinamisha chupa kwenye dirisha. Dawa ilifunika kitako tu.

"Ishushe!" nikamkaripia. "Mwanga!"

Akaishusha haraka, akaikumbatia kifuani kwa mikono miwili kama mtu aliyebeba yai. Kisha akasema, akiangalia sakafu, "Nimepiga simu kwa Nthiwa. Nimemwambia kuhusu Pasaka. Na nimemwambia huendi majoshoni."

"Sikukuomba hisani."

"Si hisani. Mimi sikupendi, Mabruka, na kelele yako siipendi. Lakini watu wangu wote wananipenda, na hakuna hata mmoja aliwahi kuniuliza kwa nini chupa zinakaa juani. Nataka mtu ananichukia vizuri."

"Basi umempata," nilisema.

Nilifungua droo. Kile kipande cha buibui kilikuwa bado pale, na hakikuwa tena na kitu cha kufunika. Nilimpokonya chupa, nikakaza kifuniko, nikaifunga kwa kitambaa kile tabaka juu ya tabaka. Haron, aliyecheka mpaka akakaa, ndiye aliyenishikia ncha nilipopiga fundo.

"Kaza," alisema.

"Nimekaza."

Akainuka, akafungua mlango atoke, na jua la asubuhi likaingia mpaka mezani.

"Funga huo mlango, Haron," nilimwambia. "Uwe ndani au uwe nje, lakini ufunge."

Akaufunga. Alikuwa ndani.